Krimu moja, mabaka mawili: kwa nini moja lilipona na jingine likaenea?

MsomajiMakini aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mwenye ujuzi wa magonjwa ya ngozi anifafanulie jambo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa sasa.

Mwanzoni nilikuwa na baka kwenye mkunjo wa kiwiko cha kushoto. Ngozi ya hapo ilikuwa kavu, imekakamaa na kupasukapasuka, na mwasho wake ulizidi usiku kiasi kwamba niliamka asubuhi nikiwa na alama za damu kwenye shuka. Nilikwenda kwa daktari, nikaandikiwa krimu ya haidrokotisoni, nikaipaka kwa siku kumi na baka likatulia kabisa. Wiki chache baadaye lilijitokeza baka jingine kwenye paja, la mviringo, lenye magamba na lenye kuwasha vile vile. Nikajiambia kwamba sina sababu ya kurudi kupanga foleni, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule na dawa ninayo nyumbani.

Siku tatu za mwanzo mwasho ulipungua, nikajipongeza. Kufikia wiki ya tatu baka lilikuwa na ukubwa wa kiganja, kingo zake zimepoteza ule umbo la mviringo, na vimezuka vipele vidogo vyenye usaha kuzunguka vinyweleo. Nilipoacha kupaka mwasho ulirudi kwa kishindo. Nilipopaka tena ulitulia, lakini baka likaendelea kupanuka.

Nimejaribu kusoma kuhusu muundo wa ngozi. Vitabu vinasema ngozi ina matabaka matatu, vinayataja majina, kisha vinageuka kwenda kwenye orodha ya magonjwa, na hakuna mahali panapoeleza ugonjwa upi unakaa katika tabaka lipi na kwa nini jambo hilo liwe na maana kwa mgonjwa. Je, ni dawa iliyonidhuru, au ni mimi niliyekosea ugonjwa?

TabibuWaNgozi alijibu:

Ndugu MsomajiMakini, pole sana. Umekosea ugonjwa, na dawa ikafanya kazi yake barabara, jambo ambalo ndilo lililokuponza. Kosa hili hufanywa na watu wengi hata sisi madaktari wa ngozi tukalipa jina lake: fangasi iliyofichwa, yaani ile ambayo sura yake imeharibiwa na steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe kama hiyo haidrokotisoni yako, hadi haitambuliki tena kwa macho. Siwezi kuthibitisha ugonjwa kupitia maandishi, lakini maelezo yako yanaelekea huko moja kwa moja.

Una haki ya kulalamika kuhusu vitabu. Sharti tuifunue ngozi kidogo kidogo, kwa kuwa jibu la swali lako limo ndani ya unene usiofika milimita mbili.

Tabaka la juu huitwa epidemisi. Ni jembamba kuliko watu wanavyodhani: kwenye kope za macho halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye nyayo, ambako ni nene kuliko kwingine kote, hufikia milimita moja na nusu hivi. Halina mshipa wa damu hata mmoja, bali hulishwa na kinachopenya kutoka chini. Ukijikwaruza ukaona mchirizi mweupe usiotoa damu, ujue hujavuka tabaka hilo, na mkwaruzo huo hautaacha kovu. Kovu huanza pale jeraha linapovuka utando wa msingi, ulio sakafu ya epidemisi, na kuingia kwenye demisi, yaani tabaka la pili, lenye nyuzi za kolajeni na elastini, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, tezi za jasho na vifuko ambamo nywele huota. La tatu ni tabaka la mafuta, ambalo wataalamu wengine hata hawalihesabu kuwa ni ngozi, na kwa habari yako tunaweza kuliacha lilale.

Turudi epidemisi. Chini yake kabisa pana safu ya seli ambazo kazi yake ni kugawanyika. Seli changa husukumwa juu, na zikiwa safarini hujijaza protini iitwayo keratini, hubonyea, hupoteza kiini chake na kufa, hata zinapofika juu huwa vipande bapa vilivyopandana mithili ya vigae vya paa. Katikati ya vigae hivyo mna mafuta maalumu yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Safari nzima huchukua takriban wiki nne. Vumbi jeupe unaloliona ndani ya soksi nyeusi unapoivua ndiyo hatima ya seli hizo.

Sasa weka mabaka yako mawili juu ya paa hilo. La kwanza, lililokuwa kwenye mkunjo wa kiwiko, lina kila dalili ya pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu. Hapo paa linavuja. Kwa wagonjwa wengi kuna hitilafu ya kurithi katika protini iitwayo filagrini, ambayo husaidia kuvibana vigae na kuvipa unyevu. Uhusiano huo ulibainishwa mwaka 2006, na tangu hapo tumeacha kuuona ugonjwa huu kama mzio peke yake. Maji hutoka, ngozi hupasuka, vumbi na sabuni hupenya, na seli za kinga zilizotanda ndani ya epidemisi hupiga kelele. Seli hizo zina kisa chake: mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alizipaka rangi akaziona zina matawi, akadhani ni seli za mishipa ya fahamu. Kumbe ni walinzi. Katika pumu ya ngozi walinzi hao hushtuka kupita kiasi, na steroidi huwatuliza. Ndiyo maana ulipona, au tuseme ulitulia, kwa kuwa paa lenyewe bado lina nyufa.

Baka la pili ni habari nyingine. Choa, au mashilingi kama wengi wanavyoyaita, huletwa na fangasi ambao chakula chao ni keratini. Hawahitaji kuingia kwenye nyama hai. Wanakaa juu kwenye vigae vilivyokufa, wanavila, na wanasonga mbele kuelekea pembeni wakiacha nyuma yao sehemu iliyokwisha kuliwa. Ile duara yenye ukingo ulioinuka na kati kunakoanza kupona huchorwa na mambo mawili: mwendo wa fangasi kwenda nje, na kinga ya mwili inayowafukuza kutoka nyuma. Wekundu, magamba na mwasho ni dalili za vita hivyo. Ulipopaka haidrokotisoni uliwanyamazisha askari ilhali adui hukumgusa. Mwasho ukapungua kwa sababu vita vilisimama, ukingo ukafutika kwa sababu hapakuwa na wa kuuchora, na fangasi wakapata nafasi ya kutambaa na hata kushuka ndani ya vifuko vya nywele. Ndivyo vile vipele vyenye usaha. Wahenga walisema kumpiga chura teke ni kumwongezea mwendo.

Kwa hiyo acha steroidi kwenye paja, na usishtuke siku chache za mwanzo mwasho ukipanda, maana kinga inaamka. Dawa za fangasi za kupaka, kama klotrimazoli au tabinafini, hupakwa hadi sentimita mbili hivi nje ya ukingo unaoonekana, kwa sababu adui yuko mbele ya mstari unaouona. Klotrimazoli huhitaji wiki mbili hadi nne, na mtu aendelee kwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Hata hivyo, kwa kuwa vifuko vya nywele vimekwisha kuguswa, yawezekana utahitaji vidonge, kwa maana krimu haifiki huko chini vya kutosha. Hilo aliamue daktari atakayekuona.

MezaYaMaabara alijibu:

Nakubaliana na Tabibu isipokuwa kwa jambo moja ambalo amelipita haraka. Ndugu muulizaji asianze kupaka dawa ya fangasi leo jioni na kesho akaenda kupimwa. Sisi tunaokaa nyuma ya hadubini tunapata shida kubwa na sampuli za watu waliokwisha kujitibu kwa wiki moja: magamba ni yale yale lakini fangasi hawaonekani, majibu yanatoka kwamba hakuna kitu, na mgonjwa anarudishwa kwenye steroidi. Kama kipimo kinapatikana, kitangulie dawa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Sehemu husafishwa kwa spiriti ili kuondoa mafuta na mabaki ya krimu. Kisha tunakwangua magamba kwa ubapa wa kisu butu, na tunakwangua kwenye ukingo, kamwe si katikati, kwa sababu katikati fangasi wamekwisha kuondoka. Vumbi hilo huangukia juu ya kioo, tunadondoshea tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, tunafunika na kusubiri dakika kadhaa. Dawa hiyo huyeyusha keratini ya mgonjwa, lakini ukuta wa fangasi hauyeyuki. Unapotazama, zile seli za ngozi zimekuwa kama kivuli cha ukungu, na katikati ya ukungu huo zinapita nyuzi nyembamba zenye matawi, zenye vikuta vidogo vinavyozigawa kama pingili za muwa, zikikata kutoka seli moja hadi nyingine bila kujali mipaka. Ukiziona mara moja huzisahau. Anayeanza kazi huchanganya nyuzi hizo na mistari ya mipaka ya seli zenyewe, nami nilifanya kosa hilo mara kadhaa kabla ya mkubwa wangu kunifundisha kwamba mpaka wa seli hugeuka kufuata seli, ilhali uzi wa fangasi hupita katikati yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba sampuli ya mtu aliyepaka steroidi peke yake, bila dawa ya fangasi, huwa imejaa nyuzi kuliko kawaida. Ndugu MsomajiMakini, nakuhakikishia kwamba ukikwanguliwa leo mtu wa maabara hatahitaji kutafuta kwa muda mrefu.

MzeeWaBarazani alijibu:

Nimewasoma vijana wangu, nami nawashukuru kwa elimu. Lakini kwa umri nilionao nimeona kwamba mabaka, majipu na chunusi asili yake ni moja, nayo ni damu chafu. Damu ikisafishwa ngozi hung'aa yenyewe. Mjukuu wangu ana chunusi usoni, na tumemwambia asugue uso kwa sabuni kali asubuhi na jioni ili uchafu utoke, lakini bado tunangoja.

TabibuWaNgozi alijibu:

Shikamoo Mzee wangu. Nakuomba radhi kwa kupingana nawe hadharani, na nafanya hivyo kwa sababu ya mjukuu.

Chunusi haiko kwenye damu. Makao yake ni kifuko cha unywele pamoja na tezi ya mafuta iliyofungamana nacho, na ndiyo maana hutokea usoni, kifuani na mgongoni, ambako tezi hizo ni kubwa na nyingi, na haitokei kamwe kwenye viganja wala nyayo, ambako hazipo. Kama ingekuwa damu, basi damu ingefika viganjani pia. Wakati wa kubalehe homoni huziamrisha tezi zitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huo huo seli za mdomo wa kifuko hushikamana badala ya kupukutika, na mdomo unaziba. Mafuta yakijikusanya ndani, bakteria ambao kwa kawaida huishi humo kwa amani huongezeka, na kinga ya mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Bakteria hao, kwa anayependa majina, walihamishwa mwaka 2016 kutoka kundi la Propionibacterium kwenda Cutibacterium.

Ile nukta nyeusi unayoiona kwenye pua ya mjukuu si uchafu. Kizibo kilicho wazi kikikutana na hewa huwa cheusi kwa sababu ya mafuta yaliyobadilika na melanini, ambayo ni rangi ile ile iliyo kwenye ngozi na nywele. Hakuna sabuni itakayoitoa. Kusugua huondoa yale mafuta ya kati ya vigae niliyoyataja hapo juu, ngozi inachubuka, na dawa zinazofaa zikija kupakwa zinamuunguza kijana hata anaziacha. Anawe kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, bila dodoki. Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi na benzoili peroksaidi husaidia wengi, ila zinataka subira ya wiki sita hadi kumi na mbili, kwa kuwa chunusi itakayotokea mwezi ujao tayari imekwisha kuanza kuziba leo, ndani, isikoonekana. Zile kali za kumeza zenye isotretinoini hutolewa na daktari tu, na mwanamke anayezitumia hapaswi kabisa kupata ujauzito, kwani humlemaza mtoto aliye tumboni.

Jipu, Mzee, kweli lina undugu wa mbali na chunusi, kwa sababu nalo huanzia kwenye kifuko cha unywele. Ila bakteria wake ni wengine, na huzama ndani zaidi ya demisi.

MamaWaPacha aliuliza:

Nashukuru kwa mjadala huu. Mimi nina watoto pacha wenye umri wa miaka mitano. Mmoja ana pumu ya ngozi tangu akiwa mchanga. Picha zote ninazozikuta zinaonyesha ngozi nyekundu, lakini ngozi ya mwanangu ni nyeusi na sijawahi kuuona wekundu huo. Naona tu rangi ya zambarau au kijivu, na baada ya kupona hubaki madoa meusi kwa miezi. Pacha wake ametokwa na madoa meupe mashavuni, yenye ungaunga kidogo. Nilikuwa nimeamua ni fangasi na nimenunua dawa, lakini baada ya kuwasoma nimeirudisha kabatini. Nifanyeje?

TabibuWaNgozi alijibu:

Mama, umefanya vema kuirudisha kabatini, na swali lako la kwanza ni moja ya kasoro kubwa za taaluma yetu, kwamba picha nyingi za kufundishia zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Wekundu ni damu inayoonekana kupitia epidemisi. Epidemisi ikiwa na melanini nyingi, damu ile ile huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Daktari asiyelijua hilo huandika kwamba ugonjwa ni mdogo ilhali mtoto anateseka. Pitisha upande wa nyuma wa vidole vyako juu ya baka na juu ya ngozi nzima iliyo jirani: joto, ukavu na unene utausikia hata usipouona wekundu.

Idadi ya seli zinazotengeneza melanini ni karibu sawa kwa binadamu wote, mweusi kwa mweupe. Tofauti iko katika ukubwa na wingi wa vifuko vya rangi ambavyo kila seli hutengeneza na kuwagawia majirani zake. Seli jirani hiyo huipanga rangi juu ya kiini chake kama mwavuli, ili mwanga wa jua usiharibu vinasaba. Ngozi ikipata uvimbe, seli za rangi huchokozeka. Ama humwaga rangi nyingi, na doa jeusi likabaki, ama hugoma kuigawa, na doa likapauka. Madoa meusi ya pacha wa kwanza si makovu na si ugonjwa unaoendelea. Yatafifia kwa miezi, nayo yataacha kuongezeka pale mwasho utakapodhibitiwa.

Madoa ya mashavuni kwa pacha wa pili, kwa jinsi unavyoyaeleza, hufanana na aina nyepesi ya pumu ya ngozi inayowapata watoto wengi, ambayo hudhaniwa kuwa fangasi karibu kila mara. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara mbili kwa siku, mara nyingi hutosha. Kwa pacha wa kwanza, apakwe mafuta hayo mwili mzima dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na ayapakwe hata siku ambazo hana baka lolote, kwa sababu nyufa za paa zipo hata mvua isiponyesha. Watu hupaka kidogo mno. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Steroidi, kinyume chake, hupimwa kwa kidole: ukikamua utepe kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, ni takriban nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Msiiogope ikitumiwa hivyo chini ya uangalizi. Usoni na kwenye mikunjo itumiwe ile hafifu tu, kwa kuwa hapo epidemisi ni nyembamba na dawa hupenya zaidi.

Doa jeupe lina tahadhari moja ambayo sitaki kuiacha. Kama limepoteza rangi kabisa, jeupe kama chaki na bila ungaunga, hiyo yaweza kuwa mbalanga, ambapo seli za rangi zenyewe zimeshambuliwa na kinga ya mwili, haiambukizi. Na kama doa limepauka na halina hisia, yaani mtoto akifumba macho hasikii unapoligusa kwa uzi wa pamba, nenda hospitali bila kuchelewa, kwa sababu hapo ugonjwa umefika kwenye mishipa ya fahamu ya demisi. Ukoma hujitambulisha namna hiyo. Bakteria wake aligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, na leo unatibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 hadi 12, mradi uwahiwe kabla mishipa haijaharibika. Mtoto wako hana dalili hiyo kwa maelezo uliyotoa, lakini jaribio la pamba ni la nusu dakika.

BweniC aliuliza:

Naomba niingie. Mimi ni mwanafunzi, tunalala watu wanane chumba kimoja. Watatu kati yetu tunajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Mwenzetu mmoja alipaka dawa, akapata nafuu, ukarudi. Je, nao huu una tabaka lake?

MezaYaMaabara alijibu:

Unalo, tena ndilo ninalolipenda kulionyesha kwa wanafunzi. Kwa maelezo hayo nadhani ni upele wenyewe, unaoletwa na kiroboto mdogo wa jamii ya kupe. Jike lake halifiki hata nusu milimita. Huchimba handaki ndani ya vile vigae vilivyokufa, halishuki zaidi ya hapo, na hutaga mayai linavyosonga. Ukitazama kwa makini katikati ya vidole, chini ya mwanga wa pembeni, unaweza kuuona mstari mfupi wa kijivu uliopinda, na mwisho wake kuna nukta. Nukta hiyo ndiyo mwenyewe.

Naomba nijisahihishe neno kabla Tabibu hajanikemea: nimeandika kiroboto, lakini kiroboto ana miguu sita na huruka, huyu ana minane kama kupe na hutambaa tu.

Mwasho hauletwi na uchimbaji bali na mzio wa mwili dhidi ya mdudu, mayai na kinyesi chake, na mzio huo, kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, huchukua wiki nne hadi sita kujitokeza. Hapo ndipo mwenzenu aliposhindwa. Alijitibu yeye, huku wengine wanne au watano chumbani wakiwa tayari wana mdudu bila mwasho wowote, wakamrudishia.

TabibuWaNgozi alijibu:

Sina cha kukemea. Naongeza tu namna ya kutibu. Wote wanane wapake siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Krimu ya pamethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka katikati ya vidole, chini ya kucha wala sehemu za siri, ikaachwa saa 8 hadi 14 kisha ikaogwa. Ukinawa mikono usiku, paka tena mikononi. Rudieni baada ya siku saba. Mashuka na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto, na kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku kadhaa, kwa kuwa mdudu huyu akiwa mbali na ngozi ya mtu hufa ndani ya siku mbili au tatu hivi.

Mwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mabaki yao bado yamo ndani ya vigae hadi vigae hivyo vipukutike. Kwa hiyo msipake tena na tena mkidhani dawa imeshindwa. Mtazame kama kuna handaki jipya.

MsomajiMakini aliandika:

Ndugu zangu, narudi na mrejesho. Nilikwenda kupimwa juzi bila kupaka chochote. Mhudumu wa maabara alikwangua ukingoni kama MezaYaMaabara alivyoeleza, akaniita nitazame mwenyewe, nami nikaziona zile nyuzi zenye pingili zikipita katikati ya ukungu. Daktari ameniandikia vidonge vya tabinafini pamoja na krimu, kwa sababu ya vile vipele vya kwenye vinyweleo, na amenionya kwamba usiku wa kwanza na wa pili mwasho utanikera.

Ameniuliza pia kama nina fangasi katikati ya vidole vya miguu. Nilimwambia sina. Akanivua soksi, akanionyesha kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi nyeupe iliyolowana na kubanduka, ambayo nimeishi nayo miaka mingi nikidhani ni jasho. Kumbe huenda nilikuwa nikiibeba hadi kwenye paja kila nilipovaa suruali. Ameniambia nivae soksi kwanza, kisha ndipo nivae nguo ya ndani.

Swali langu la mwisho ni kuhusu tyubu ya haidrokotisoni iliyobaki. Kiwiko kimeanza kukauka tena.

TabibuWaNgozi alijibu:

Kiwiko kipake mafuta ya mgando kuanzia leo, kabla hakijapasuka. Kikiwaka, haidrokotisoni ni halali yake, mara moja au mbili kwa siku kwa siku chache, kwa kipimo cha kidole. Nenda uiandike tyubu kwa kalamu ya wino mzito neno moja: KIWIKO.